Kiti cha Buluu

Kidawa alikuwa amemaliza zamu ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa makao yale, wahudumu walipoambiwa hakuna kwenda nyumbani: kuna semina ya kujitunza. Wote kumi na mmoja walisimama ukutani. Mtoa mada, mwanamama mgeni mwenye sauti laini, alikaa mbele yao kwenye kiti cha plastiki cha buluu, kile chenye mguu uliofungwa bandeji.

Bandeji ile alikuwa ameifunga Kidawa mwenyewe. Ndicho kiti pekee cha wahudumu, walichopokezana jikoni kwa dakika tano tano.

"Fumbeni macho," mgeni alisema. "Kila mtu ajiulize, mwili wangu ulipumzika lini?"

Wenzake walifumba. Kidawa alikodoa. Visigino vilimuwaka moto, na sasa moto ule ukampanda kifuani.

"Dada, samahani, inuka."

"Kidawa!" Msimamizi, Bi Perpetua, alimaka. "Huna adabu? Huyu mgeni wetu!"

"Na sisi ni nani? Tumekuomba kiti cha pili tangu mwaka juzi, Bi Perpetua, unatuletea semina!"

Mgeni akainuka, karatasi zikimporomoka. Kidawa alikibeba kiti hadi kwenye korido, akaketi, akavua viatu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakapanga foleni nyuma ya kiti, viatu mkononi.

Kengele ya wazee ya kumwita mhudumu ikalia. Hakuna aliyejongea. Bi Perpetua alisimama mlangoni akiisikiliza, kisha akaanza kukunja mikono ya gauni lake, polepole, kama mtu aliyesahau jinsi inavyokunjwa.