Kitufe cha Kutokea

Dirisha lilipojitokeza kwenye kioo cha kompyuta nilipiga kelele. Wiki tatu nilikuwa nimehangaika kujifunza kuandika programu kwenye mfumo wa Linux, na hii ndiyo ilikuwa programu yangu ya kwanza yenye dirisha: mraba wa kijivu, kitufe kimoja katikati.

"Mzee Halake, njoo uone!"

Alikuwa mfugaji wa Chewele, amekaa kwenye benchi la ofisi yetu ya Garsen akisubiri kuandikisha ng'ombe waliosombwa na mafuriko ya El Nino. Kusoma alikuwa amejifunza mwaka huo huo, kwenye darasa la ngumbaru. Aliinama, kidole chake chenye kovu la kamba kikafuata herufi za kwenye kitufe moja moja.

"To-ka."

Akachukua fimbo yake akaelekea mlangoni.

"Nyinyi wakulima mnatufukuza mtoni. Sasa hata mashine yenu inatuambia toka?"

Mimi ni mtu wa Kulesa, kijiji cha wakulima kando ya mto. Baba yangu amewahi kufukuza ng'ombe wa watu kama yeye. Nikaona haya.

"Hapana, mzee! Hilo ni neno la kufungia programu tu. Ngoja."

Nilifuta neno, nikaandika jingine, nikasubiri programu itengenezwe upya. Alirudi kutoka mlangoni, akasoma.

"Ka-ri-bu."

Nikampa kipanya, akabofya mwenyewe.

Dirisha likatoweka. Nilikuwa nimebadilisha neno tu. Kazi ya kitufe ilikuwa ile ile.

Halake alinitazama. "Umesema karibu, halafu umefunga dirisha."

Lakini fimbo alikuwa ameshaiegemeza ukutani.