Hodi ya Tatu

Nyumbani kwetu neno "karibu" halitamkwi. Kampuni imeacha kulipia ndege na hoteli. Wakubwa wakitaka kikao Tanga, wanaingia ndani yangu. Hodi inapigwa sikioni, nami nikijibu karibu tu, bosi wa Nairobi anakaa kwenye mwili wangu mpaka kikao kiishe. Mimi nabaki kusikiliza mdomo wangu ukibishana na watu nisiowajua. Jioni narudi shingo inauma, na tabasamu lisilo langu bado limeganda usoni.

Kifaa walichonipandikiza sikioni hakijui ninamkaribisha nani. Ndiyo maana majirani tumewaomba wabonyeze kengele, na mume wangu Shekue huingia kimyakimya kama mwizi.

Leo nilikuwa nakuna nazi, nimechoka hoi, hodi ya ofisini ikinisumbua sikioni nami nimeinyamazia. Mara mlangoni: "Hodi wenyewe!" Mama mkwe, katoka Lushoto bila kutuarifu. Nikauma meno. "Hodi!" Shekue alikuwa bafuni, maji yanamwagika, hasikii. Mama hapigi hodi ya nne. Ya tatu isipojibiwa karibu, hata ukimfungulia, anaondoka zake, na ukoo mzima utajua nimemfungia mlango.

"Hodi jamani!"

"Karibu, mama," nikasema.

Aliingia amefungua mikono. Nilitaka kumwamkia. Mkono wangu ukashika wake, ukautikisa mara moja, ukauachia.

"Asante kwa kufika," mdomo wangu ukamwambia. "Tuna dakika kumi. Ajenda ni nini?"

Huko ndani nilikuwa bado nasema shikamoo.