Vidole Viwili Vyeusi

Raya aliposikia wachanjaji wamefika kwa jirani, alikichovya kidole kidogo cha mwanawe kwenye piko, ile rangi nyeusi ya kupambia maharusi. Watoto waliokwisha kupewa matone ya polio walitiwa alama nyeusi kwenye kidole hicho hicho.

Mchanjaji, mama wa makamo, alipiga hodi, akaingia. Akakishika kidole cha Sefu, akakinusa.

"Mama Sefu, hii si piko?"

Raya akainamisha uso. "Dada yake alipochomwa sindano aliwaka homa usiku kucha. Nilijua ananifia mikononi."

"Pole, mwanangu. Na leo yuko wapi?"

Uani, msichana alikuwa akiruka kamba na kujihesabia kwa sauti. Raya alimsikiliza mpaka kamba ikamnasa miguuni, akacheka, akaanza upya. Ndipo Raya akampakata Sefu na kumfungua mdomo yeye mwenyewe.

Piko haikutoka kwa sabuni, kwa hiyo mchanjaji akatia alama kidole cha mkono wa pili.

Jioni baba yao aliporudi, Sefu alimkimbilia, mikono juu.

"Mbona viwili?" baba akauliza, akicheka.

Raya akainama mekoni, akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.