Kumfufua Specioza

Kwa mara ya nne mwezi huo, Obadia alimfufua Specioza. Alifuta neno "marehemu" mbele ya jina lake, akaandika "hai", akahifadhi faili, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee.

"Kwa hiyo mimi mzima?" aliuliza Specioza.

"Kabisa, mama. Nenda Kasansa ukachukue mbolea yako."

"Wiki jana ulisema hivyohivyo, mwanangu. Nikafika nimekufa. Mvua zimeshaanza, wenzangu wamepanda, mimi naangalia shamba tu."

Mama huyu alikuwa amefiwa na mume, na karani mmoja, katika kumwandika mzee kuwa marehemu, akawazika wote wawili. Ni kosa dogo. Ubaya ni kwamba chama chao cha ushirika kilikuwa cha kisasa. Kilikodi seva mbili pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili: moja ya makao makuu Mpanda, nyingine ya tawi la Kasansa. Orodha ya wanachama ilitakiwa ifanane kote kuwili. Kila baada ya muda seva hizo zilisomana, na faili lililoonyesha saa ya karibuni zaidi ndilo lililobaki, jingine lilifutwa. Matawi hayakuruhusiwa kufufua mtu. Hayo yalikuwa mamlaka ya makao makuu, alikokaa Obadia, mtaalamu wao wa kompyuta.

Seva ya Mpanda aliizindua meneja Enoka mwenyewe, mbele ya wageni waalikwa na kwaya mbili. Redio ilipotangaza saa tatu kamili asubuhi, aliipangia saa kwa mkono wake, tatu kamili, watu wakapiga makofi. Picha ya tukio hilo ilitundikwa mapokezi. Ya Kasansa iliwashwa na karani Emelyne, bila kwaya.

Kesho yake mchana simu ililia.

"Kaka Obadia," alisema Emelyne, "Mama Specioza yuko hapa mbele yangu. Amekufa tena. Mimi kila asubuhi nahakiki orodha na kuihifadhi tu, sijamgusa."

Obadia alikuwa ameshabaini tatizo: saa za seva hizo mbili zilipishana. Alimweleza meneja, na Enoka hakuhitaji kuambiwa nani amekosea. Aliweka simu kwenye spika.

"Nyie wa Kasansa saa mnaipanga kwa jogoo? Unamzuia mama wa watu kulima, binti. Obadia, andaa barua ya onyo."

"Mzee, kwanza tulinganishe," alisema Obadia, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ujao na alitaka kazi ionekane.

"Haya. Emelyne, mashine yako inasoma saa ngapi?"

"Kumi na nne kamili, mzee."

Enoka alicheka hadi akafuta machozi. "Kumi na nne! Umeiona wapi saa ya kumi na nne? Sasa hivi ni saa nane mchana. Obadia, msomee ya kwetu."

Obadia aliinamia kioo. "Nane kamili, mzee."

"Umesikia, binti?"

Obadia alizisoma tena zile tarakimu, sifuri nane, na safari hii alizisoma kama alivyofundishwa chuoni: saa mbili asubuhi. Alimtazama meneja. Akaufikiria mkataba. Simu ilileta sauti ya Specioza akimuuliza Emelyne kama arudi tu nyumbani.

"Emelyne," alisema taratibu, "rudisha yako nyuma kwa saa sita."

"Kaka, lakini wewe unajua..."

"Najua. Rudisha."

Akaandika "hai" kwa mara ya tano, na dakika chache baadaye Specioza alikuwa mzima Mpanda na Kasansa. Barua ya onyo ya Emelyne ilitoka jioni hiyohiyo, na meneja akaagiza matawi yote yaige saa ya makao makuu.