Maji ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mita ya maji ya bibi wa ghorofa ya chini ilikuwa karibu haizunguki, ilhali uani kwake mchicha ulifika magotini na nyanya zilivunja vijiti. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi minane. Mgawo wa maji ulikuwa siku moja kwa wiki.

Jambo hilo lilimkosesha raha mkaguzi wa maji, mpangaji wa ghorofa ya pili. Mwezi uliopita alihudhuria semina ya wiki nzima ya kubana matumizi huko mbali, na tangu arudi alihubiri kila mara kwenye ngazi kwamba mtu mzima anatosheka kuoga nusu ndoo. Majirani wakambatiza Bwana Nusu Ndoo.

"Bibi, haya maji unayatoa wapi?"

Bibi alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamlegea. "Mwanangu, na wewe kwa utani! Si yanakuja yenyewe? Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye huu mpira. Jumapili yanachelewa. Mwezi uliopita yalikatika wiki nzima, nikasema mboga zangu ndiyo basi tena."

"Yanatoka wapi?"

"Juu, mwanangu. Juu!" Akazidi kucheka.

Mpira ulichomoza ukutani, ukapita kwenye ndoo ya mchanga na mkaa, ukaishia kwenye matuta. Mkaguzi aliukodolea macho. Mfukoni alikuwa na barua ya kung'oa bustani, bado sahihi yake tu. Kusema kweli ilimuuma, maana nusu ya jengo ilikula mboga zile, na mkewe ndiye mteja wa kwanza. Lakini sheria ni msumeno. Akiyaona maji ya wizi yakitiririka, atatia sahihi palepale.

Kesho yake aliamka kabla ya mkewe, akavaa bila hata kunawa uso, akanyata hadi uani na kujibanza nyuma ya pipa, kalamu mkononi.

Saa kumi na mbili na nusu, mpira mkavu. Saa moja, mkavu vilevile. Mwizi kashtuka!

Bibi akatoka, akautikisa mpira, akaguna. Kisha akainua uso kuelekea dirisha la ghorofa ya pili, akaita kwa wasiwasi:

"Mwanangu! Mumeo leo anaumwa? Mbona hajaoga?"

Mke wa mkaguzi akachungulia. "Katoka mapema, bibi, sijui kaenda wapi. Vumilia kidogo, akirudi utapata ndoo zako tatu kama kawaida."