Ganda la Kidonge

Bibi alifungua pindo la kanga, akaweka kwenye dirisha la dawa kidonge cha rangi ya waridi kilichooshwa kikang'aa.

"Kimetoka kama kilivyoingia," alisema. "Mnagawa dawa za presha au shanga?"

Fahima alishusha pumzi. Huyu alikuwa wa tatu wiki hii. Miezi minane tangu ahitimu ufamasia, bado hajapata maneno ya kumwingia mtu.

"Bibi, nilikueleza. Hilo ni ganda tu, limetengenezwa kwa nyuzi za mimea, tumbo haliliyeyushi. Dawa inavuja humo kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku kucha, kisha ganda linatoka tupu."

"Tupu! Mbona limenenepa?"

Fahima alivaa glavu, akaliminya. Likabonyea kama ganda la kunde iliyochemshwa, ndani hamna kitu. Bibi akalibonyeza mwenyewe, kwa kidole kilichochubuliwa na kamba za mwani.

"Ala! Kumbe dawa imebaki tumboni."

Fahima akatabasamu. Hatimaye mtu mmoja alikuwa ameelewa.

"Basi mwanangu, nikivitwanga, dawa yote inatoka mara moja?"

"Umevitwanga?"

"Leo ndiyo nimeanza. Si niliona havivunjiki? Mimi sijanywa bado, nimeanza na mzee wangu, presha yetu moja. Nimemtwangia viwili. Yuko hapo nje kwenye bajaji, anasema dunia inamzunguka."

Fahima alinyakua kipimo cha presha, akatoka mbio.