Taulo la Kocha

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi kali hapa Eldoret.

Mchana, ukumbi wetu wa Pioneer ulikuwa karibu mtupu. Siku hizi watu wanapenda mpira, si ndondi. Mimi ni kocha wa Musimbi. Raundi ya tatu ilipoanza, nilifumba macho nimwombee, kama ninavyofanya kila raundi.

Nikasikia mfupa ukivunjika.

Nilipofumbua macho, pua yake ilikuwa imelala upande na damu ilimjaa mdomoni. Alipigwa tena palepale, akayumba kwenye kamba.

Kelele ziliwavuta watu wa bodaboda waliokuwa nje. Waliingia wakisukumana, viti vikajaa.

"Ongeza!" mmoja alipaza sauti. "Hiyo pua bado inapumua!"

"Kocha, usirushe taulo," mwandalizi wa pambano alininong'oneza. "Ndiyo sasa wamekuja."

Nilisema, "Bwana, nisaidie," nikalirusha ulingoni kukubali kwamba tumeshindwa.

Refa akasimamisha pambano. Watu wakanizomea. Musimbi alitema damu, akainua mkono mpaka wakanyamaza.

"Nitarudi Jumamosi ijayo," aliwaambia. "Na kwenye kona yangu hakutakuwa na mtu wa kurusha taulo."